Perege Waliotema Pumba

Samaki wa kwanza niliowatazama kwa makini maishani mwangu walikuwa wanatema chakula. Nilisimama ukingoni mwa bwawa la kijiji, viatu mkononi, nikiwaangalia perege wakipanda juu, wakifungua midomo, wakiingiza pumba, wakitulia kidogo, kisha wakizitoa zote nje kwa nguvu. Wakajaribu tena. Wakazitema tena. Mama yangu, ambaye kijiji kilimpa kazi ya kuwalisha, alikuwa upande wa pili ameshika debe tupu. Akaniuliza kwa Kishambaa, "Hawa wana nini?" Mimi, binti yake, nilikuwa mwalimu wa sayansi, darasa la sita na la saba. Sikujua.

Sisi watu wa milimani samaki tuliwajua wakiwa wakavu. Walifika sokoni Soni ndani ya magunia, dagaa na papa wa chumvi, wamekufa zamani na hawachagui chakula. Kumlisha samaki lilikuwa jambo la kuchekesha. Lakini ilikuwa miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, kila kijiji kilitakiwa kuwa na mradi wa pamoja, na chetu, kilichokuwa juu kidogo ya njia ya kwenda Gare, kikaamua kuchimba bwawa. Mwenyekiti wetu alikuwa bado kijana, mchapakazi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alitaka wageni wa wilaya watakapopanda kulikagua wakute samaki wanene.

Palikuwa na mahali pamoja tu palipofaa. Bondeni, penye chemchemi na udongo mzito usiopitisha maji, ndipo mama alipolima kabichi na karoti za kupeleka Soni. Wajumbe wa kamati ya kijiji walikuja kumwambia wakiwa watu watano, kana kwamba angewapiga. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Chimbeni," kisha akashuka kung'oa karoti ambazo hazijakomaa. Zilikuwa nyembamba kama kidole cha mtoto. Siku ile sikumwona akilia, ila macho yalikuwa mekundu, na mimi nilikasirika kwa niaba yake, maana hasira zangu zi karibu tangu utotoni. Alibakiwa na kipande kimoja cha shamba, kile cha mlimani nyuma ya nyumba.

Kisha wakamchagua awalishe hao samaki. Kwa nje lilionekana jambo la ajabu, kumnyang'anya mtu bonde halafu kumkabidhi samaki wake, lakini kwetu lilikuwa na maana yake. Mama alikuwa na ulimi. Harusini, matangani, kwenye maulidi, popote palipopikwa sufuria kubwa, wanawake walimletea mwiko. Naye alidondosha mchuzi kiganjani, akalamba, akatazama pembeni kidogo, akasema "bado" au "imetosha", na hakuna aliyebisha. Hata pumba za kulisha ng'ombe walimletea. Kwetu mahindi hukaa ghalani pamoja na majani makavu ya tughutu, machungu ajabu, ili fukusi wasiyaguse. Vumbi la majani yale hubaki kwenye pumba. Kwa hiyo kabla ya kumpa mnyama pumba mwanamke hulamba kidogo, na akikuta uchungu, huziloweka na kumwaga maji yake kwanza. Nani angejua kuliko mama? Ndivyo kikao kilivyosema, na mimi nilikuwepo, nikanyoosha mkono pamoja na wengine.

Nirudi nyuma kidogo, maana hapa ndipo nilipopitwa. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mama aliugua homa kali ya wiki nzima. Niliporudi likizo nilimkuta amepona, amekonda tu. Nikaona jambo moja jipya: kabla ya kupakua chakula, alichota mchuzi kwenye kibakuli na kumpelekea baba, aliyekuwa akikaa kwenye benchi nje ya mlango wa jiko. Baba hakuwa mtu wa kuingia jikoni. Wanaume wa umri wake hawakuingia. Alikunywa funda moja, akakohoa, akarudisha kibakuli. Mimi nilicheka. "Baba, huwezi hata kusubiri wenzio?" Baba naye alicheka, akasema njaa haina adabu. Nikajiambia, wazee hawa wanapendana bado. Sikukosea, ila sikuelewa lolote. Baba alifariki mwaka mmoja kabla ya bwawa kuchimbwa, na mimi nikaomba uhamisho nije nifundishe nyumbani.

Bwana samaki, afisa wa uvuvi, alitoka Lushoto kila mwezi kutazama bwawa. Alikuwa mtu mpole, mwenye kaptura iliyopigwa pasi, na siku moja nilimwomba aje awafundishe wanafunzi wangu. Alichora samaki mkubwa ubaoni, akaanza kumtia nukta za chaki. Nukta mdomoni, sawa. Nukta kooni, sawa. Akaendelea mpaka kwenye midomo kwa nje, na kwenye mapezi ya baadhi yao, na alipofika kwa kambale alijaza nukta kwenye sharubu na ubavu mzima hadi mkiani. Kila nukta, alisema, ni kifundo kidogo cha seli zinazopokea ladha. Kwenye ncha ya kila seli kuna vinywele ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kitu kilichoyeyuka majini kikigusa pale, seli hushtuka, habari inakwenda kwenye ubongo, na samaki anajua: hiki kitamu, hiki kichungu, hiki nakila, hiki nakitema.

Darasa zima lilikuwa linacheka, na mimi mwalimu wao nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko wao. Nikauliza, "Yaani kambale anaonja kwa ngozi? Akipita kwenye matope anayaonja matope?" Akasema ndiyo. Nikauliza anafanyaje kama hataki kuonja, maana sisi tunafumba mdomo. Bwana samaki alikuna kichwa, akasema hilo hajawahi kuulizwa. Akaongeza kwamba seli zile hazidumu. Zinakufa na nyingine kuzaliwa, kwa samaki na kwetu pia, ingawa kwa mtu aliyeugua sana pengine zisirudi. Hilo la mwisho nililiandika ubaoni pamoja na mengine, watoto wakanakili, nikafuta.

Baada ya mwezi huo perege wakaanza kutema.

Walianza kukonda. Wachache walielea wamekufa, na pumba zilizotemwa zikaoza juu ya maji. Mwenyekiti akaitisha mkutano pale pale ukingoni, alasiri, wanawake wakiwa na majembe yao. Alianza vizuri. "Shikamoo, mama," alimwambia mama yangu, na mama akaitikia marahaba. Halafu akasema wapo watu ambao bonde hili liliwauma, nao hawakusema, bali wanahujumu mradi wa wananchi kimyakimya. Hakutaja mtu. Hakuwa na haja. Akasema ikithibitika ataandika barua wilayani, na mhusika atanyang'anywa hata kile alichobakiziwa.

Kabla sijafungua mdomo kumjibu, mama aliinama, akachota pumba konzi nzima kutoka kwenye debe.

Kwetu mtu akikukaribisha pombe au uji, huanza yeye kunywa, ili ujue hajakutegea kitu. Kila aliyekuwepo alielewa mama anafanya nini. Alitia konzi ile mdomoni. Akatafuna taratibu, pumba kavu, vumbi likimtoka pembeni mwa midomo. Uso haukubadilika hata kidogo. Akameza, akafuta mdomo kwa upande wa khanga, akamwambia mwenyekiti, "Mwanangu, mimi silishi kiumbe kitu nisichoweza kula."

Watu walishusha pumzi. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele. Mwenyekiti aliinamisha macho, na mimi, kwa fahari, nikasogea kwenye debe nikachota pumba kidogo kwa vidole, nami nile mbele yao niwaonyeshe kwamba mimi ni binti yake.

Zilikuwa chungu. Sisemi chungu kidogo. Zilikuwa chungu kama kidonge cha klorokwini kilichovunjikia mdomoni. Uchungu ulipanda mpaka masikioni. Watu walikuwa wananitazama, kwa hiyo nikameza, nikatabasamu, machozi yakinilenga. Pumba zile zilijaa vumbi la tughutu, na mtu yeyote aliyezilamba angejua.

Basi mama yangu alijua. Hilo ndilo wazo la kwanza lililonijia, na lilinitia hofu kuliko barua ya mwenyekiti. Alijua ni chungu, akazila mbele ya kijiji kizima kwa uso mkavu, ili asishikwe. Nilimkumbuka aking'oa zile karoti. Lakini mama huyu mimi nilimjua: akikanyaga kifaranga kwa bahati mbaya anakosa raha siku nzima. Angewezaje kuwalaza njaa viumbe hai kwa makusudi? Na kama hakujua, angewezaje asijue, yeye mwenye ulimi wake? Nilitembea na maswali hayo mawili kwenda shule na kurudi. Nikifikia jibu hili, lile linalifuta. Nilisahihisha madaftari vibaya, mtoto mmoja akanirudishia, "Mwalimu, hapa nimepata."

Mkutano, kwa kuwa ulimsafisha mama, ulitafuta wa kumchafua. Kama chakula ni kizuri, walisema, basi maji ni mabaya. Na juu ya bwawa, kwenye kijito hicho hicho, alikaa fundi ngozi, mzee wa Kilutheri aliyeloweka ngozi pamoja na magome ya miti ya miwati ili azitengeneze za kuwamba ngoma na za kukalia. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai. Ikaamuliwa kwamba Jumamosi kamati ipande, ivunje mapipa yake na kumtoa kijitoni. Mzee yule hakuwa na kazi nyingine, wala nguvu ya kuanza nyingine. Watu walimwonea huruma, ila kila mmoja aliona ni haki.

Sasa mimi nilikuwa nimebanwa. Nikisema pumba ni chungu, mama ni mhujumu na tena mwongo mbele ya watu. Nikinyamaza, mzee anafukuzwa kwa kosa ambalo si lake. Nilikaa siku tatu bila kusema na nikawa mkali kwa kila mtu, hata kwa mama, ambaye aliniuliza kama ninaumwa.

Ni chakula kilichonifungua macho kidogo. Siku ya tatu mama alipika maharage, nami nikashindwa kuyala kwa jinsi chumvi ilivyozidi. Nilikuwa nimeyazoea mambo hayo tangu msiba. Siku moja chumvi tele, siku nyingine hakuna kabisa. Hata pilau ya arobaini ya baba ilikuwa haina chumvi, na wageni walikula kwa heshima, wakisema mfiwa hana akili ya jikoni. Nami nilisema hivyo hivyo. Mwaka mzima nilikuwa nasema ni huzuni. Mama alikuwa anayala maharage yale bila shida yoyote, akinisimulia habari za soko. Nikakumbuka ubao wangu, na sentensi ile niliyoifuta.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, nilifanya jambo ambalo mpaka leo naona haya kulieleza. Nilipika chai, nikatia vijiko viwili vya chumvi kwenye kikombe cha mama, nikakoroga, nikampelekea kwa mikono miwili kama mtoto mwenye adabu. Alikunywa. Akanywa tena.

"Ahsante," akasema. "Leo umekumbuka sukari."

Nilijaribu kuficha uso, nikashindwa. Mama alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akakiweka chini polepole.

"Umetia nini?"

"Chumvi, mama."

Nilidhani atanipiga, na ningefurahi kama angenipiga. Badala yake aliuliza, "Na zile pumba?" Nikamwambia. Akafunika macho kwa kiganja, kile kile alichozoea kuonjea, na akaniambia yote. Homa ile niliyoisikia nikiwa chuoni iliondoka na ladha. Alingoja irudi, mwezi, mwaka, haikurudi. Aliogopa. Mwanamke asiyejua chumvi, alisema, watu watamwitia nini? Aliyejua ni baba peke yake. Kibakuli kile kilikuwa kazi. Baba akikohoa mara moja, chumvi bado. Akikohoa mara mbili, imetosha. Kwenye sherehe za watu baba alikaa karibu na ukuta wa jiko, na kabla ya mwiko kufika kwa mama, mama alimpitishia kikombe kupitia upenyo. Wanaume wenzake walimwita mlafi kwa sababu hiyo, naye aliitikia jina hilo miaka minne. Tangu tumzike, mama alikuwa anakisia tu.

Mimi pia nilimwita hivyo. Nililia, nikamwomba radhi baba aliyeko kaburini na mama aliyeko mbele yangu, bila mpangilio, nikichanganya maneno.

"Pumba nililamba kila siku," mama alisema. "Kila siku nililamba kama kawaida. Nilitumaini tu."

Nilimwambia tuna njia: nitachukua debe lile, nitaloweka pumba mwenyewe alfajiri, samaki watakula, wala hakuna atakayejua. Nilieleza haraka haraka, nikifurahi kwamba kwa mara ya kwanza wiki ile ninaelewa kitu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza wale watu watano.

"Na fundi ngozi?"

Hilo nilikuwa nimelisahau. Kweli kabisa, nilikuwa nimelisahau.

Jumamosi kamati ilipopanda na mashoka, ilimkuta mama amekaa juu ya pipa la fundi ngozi. Mzee mwenyewe alisimama kando amevua kofia, hajui kama anatetewa au anaongezewa mashtaka. Mama hakuinuka. Alisema, si kwa sauti kubwa, kwamba maji hayana kosa. Pumba za mwezi huu ndizo chungu, ni za mahindi ya ghalani, zina tughutu, na aliyezitoa bila kuziloweka ni yeye, kwa sababu ulimi wake ulikufa miaka mitano iliyopita. "Mwenzangu alikuwa ndiye ulimi wangu," alisema. "Tumemzika. Niliona haya kuwaambia kwamba tulizika vyote viwili."

Mwenyekiti alishika shoka, akalihamishia mkono wa pili. Aliuliza, "Kwa hiyo siku ile, mama, ulipokula..." Mama akamjibu, "Sikusikia kitu, mwanangu. Ingekuwa mchanga ningekula vilevile." Akaniita nikalete debe. Kila mwanakamati alilamba, na kila mmoja alitema, mwenyekiti wa kwanza. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikujua kipi kinatangulia. Waliteremka na mashoka yao. Fundi ngozi alimshika mama mkono kumsaidia kushuka kwenye pipa.

Wakampumzisha mama kazi ya samaki. Mwenyekiti alisema ni kwa ajili ya afya yake, na barua hakuandika. Pumba zikawa zinalowekwa na mwanamke mwingine, na perege wakaanza kula. Nilikwenda kuwaangalia. Walipanda, wakafungua midomo, wakaingiza, wakatulia kidogo, na safari hii hawakutoa kitu. Bwana samaki alipokuja nilimsimulia yote, nikamuuliza kama seli za mama zitarudi. Alisema kwa muda uliopita, haoni. Nikamuuliza kwa nini za samaki zirudi na za mama zisirudi. Alirudi kutazama maji, na nilimkasirikia bure.

Mama aliacha kwenda jikoni kwa watu. Harusi mbili zilipita, akakaa upande wa wageni na mikono mapajani. Hakuna aliyemletea mwiko, na nadhani waliona wanamstahi. Nyumbani nilipika mimi.

Kisha yakaja mavuno ya kwanza ya bwawa. Wageni wa wilaya walifika, perege walivuliwa kwa wavu, na wanawake wakapika mchuzi kwenye sufuria kubwa kuliko zote, hapo hapo bondeni, mahali palipokuwa na karoti. Mama alikaa kwenye jiwe, mbali kidogo na moto. Mimi nilikuwa nakatakata nyanya. Nilichota mchuzi kidogo, nikaonja.

Mkuu wa wapishi, mwanamke wa makamo tuliyepakana naye shamba, alichovya mwiko, akaupita umati wote wa wanawake, akaenda mpaka pale kwenye jiwe. Akapiga goti. "Mama, tuonjee," akasema.

Mama aliutazama mwiko, akamtazama aliyeushika, nikadhani atakataa. Akafungua kiganja. Mchuzi ukadondoka, akaulamba, akatazama pembeni kidogo kama zamani. Wanawake wote, walioniona nikionja, walikuwa wananitazama mimi.

Nikakohoa mara moja.

"Bado," mama akasema. "Ongezeni chumvi."